Jodari Asiyenuka

Unageuza uso. Usikatae. Siku ile akina mama wa zamu ya jioni walipokuwa wanatolewa kantini wameshikwa kwapani, nyuso zimevimba, mmoja anatafuta pumzi kama mtu aliyezibwa mdomo, wewe ulikuwa unapita nje ya geti la kiwanda. Uliwaona vizuri tu. Ukatazama simu yako, ukaongeza mwendo, ukasema moyoni, hawa watakuwa wamekula vibaya. Kweli walikula vibaya. Lakini hukuuliza aliyewapakulia ni nani.

Basi leo kaa. Utasikiliza mpaka mwisho. Na habari yenyewe haianzii kantini, inaanzia baharini, kwenye boti ya kukodi, asubuhi ya siku hiyohiyo, ambako watu wanne wenye kofia mpya walikuwa wanajifunza kuvua.

Wote wanne ni wa kiwanda cha samaki wa kopo. Alikuwepo meneja. Alikuwepo mhasibu wake. Alikuwepo afisa utumishi, mama mwenye sauti laini kama pamba, sauti ambayo watu wengi wamefukuziwa kazi nayo. Na wa nne alikuwa mkaguzi wa ubora, ambaye kiwanda kizima kinamwita Pua, kwa sababu kazi yake ni kuinamia samaki na kunusa kabla hawajaingia kwenye kopo. Safari ilikuwa zawadi ya mwaka mzuri. Wanaokata samaki, wanaosimama kwenye maji ya baridi mpaka magoti yanakufa ganzi, wao zawadi yao ilikuwa kuambiwa asante kwenye ubao wa matangazo.

Na hakuna kati ya hao wanne aliyewahi kuvua hata dagaa. Wamekula kwa mgongo wa samaki maisha yao yote, lakini ndoana walikuwa wanaiona kwa mara ya kwanza.

Nahodha alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliwapanga kwenye viti, akawafunga makoti ya kujiokolea, akawapa somo.

"Ndugu zangu, jodari akivuta, mwache avute. Akichoka, vuta wewe. Ni kama ndoa. Na asishike mtu mshipi kwa mkono mtupu, maana nitarudi na vidole vyenu kwenye sanduku la barafu, halafu nishindwe kujua kipi cha nani."

Walicheka. Mhasibu alicheka kidogo, kwa sababu bahari ilishaanza kumlevya. Kabla nchi kavu haijapotea machoni alikuwa ameinamia ukingo wa boti, anatoa chai yote.

"Mhasibu!" meneja akapiga kelele. "Hayo unayoyarudisha yameidhinishwa na nani?"

Pua alicheka kuliko wote. Hilo likumbuke. Siku hiyo Pua alikuwa anacheka kabla utani haujaisha, na alikuwa na sababu. Mkuu wa ukaguzi alikuwa anastaafu, kiti chake kilikuwa kinatafuta makalio, na meneja alishamwambia Pua kwenye ngazi, kama kwa bahati, "Tuone huko baharini wewe ni mtu wa namna gani."

Kwa muda mrefu bahari ilikaa kimya. Boti ilienda polepole ikiburuta chambo nyuma yake, baharia mmoja mrefu akitazama fimbo za kuvulia zilizochomekwa tezi, kule nyuma ya boti. Halafu fimbo ya katikati ikainama kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, na kigurudumu cha mshipi kikaanza kulia.

"Zamu ya nani?" nahodha akauliza kwa sauti kubwa.

Ilikuwa zamu ya Pua. Walikuwa wamepiga kura.

Akasukumwa kwenye kiti cha mvuvi, akafungwa mkanda, akakabidhiwa fimbo. Na pale, nisimdhulumu, Pua alifanya kazi. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Samaki akazama, akarudi, akazama tena, na Pua akawa anamzungumzia kwa sauti ya chini, njoo baba, njoo tu, taratibu. Jasho lilimwingia machoni, na kwa muda ule wote hakukumbuka kiti cha mkuu wa ukaguzi. Ndiyo sehemu pekee ya siku hiyo ambayo mpaka leo anaweza kuikumbuka bila kufumba macho.

Samaki alipoanza kuonekana, kivuli cha buluu kinazunguka chini ya maji, meneja akamgusa begani.

"Nipishe kidogo hapo."

"Bosi, mwache amalize," nahodha akasema. "Ukipokea fimbo sasa, samaki anakuwa si wa yeyote. Sisi ndivyo tunavyohesabu."

"Kwani nahesabiwa na nani? Nataka picha."

Pua alikwishafungua mkanda. Hakusubiri hata kuombwa mara ya pili. Meneja akakaa, akazungusha kigurudumu mara chache, baharia akamchoma samaki kwa kulabu, na jodari akaingia ndani ya boti akipiga mkia kama mtu anayegonga mlango kwa fujo. Urefu wake ulikuwa wa mtoto wa shule. Mgongo wa buluu iliyokoza, tumbo la fedha, mapezi madogo ya manjano yamejipanga kuelekea mkia.

Pua akapiga magoti, akamwekea mkono ubavuni. Akauondoa upesi.

Samaki alikuwa na joto.

Miaka yote kiwandani alikuwa ameshika jodari wasiohesabika, na wote walikuwa barafu. Alijua kwa kusoma kwamba jodari akiwa hai damu yake ni ya moto, na akipigana kwenye mshipi anazidi kuchemka. Lakini kujua kwa kusoma ni kitu kingine. Chini ya kiganja chake ubavu ule ulikuwa kama paji la mtoto mwenye homa.

Na hapa ndipo lilipotendeka kosa, kosa ambalo mvuvi yeyote asingelifanya. Lilihitaji watu wa kiwanda. Kwao jodari ni jiwe. Anakuja kiwandani kwenye meli kubwa amegandishwa, ukimgonga analia kama bomba, na inabidi alowekwe kutwa nzima ndipo kisu kipite. Meneja hajawahi kumwona jodari asiye jiwe. Katika akili yake jodari ni kitu kinachosubiri.

"Tumtoe damu tumtie barafuni," nahodha akasema, sanduku limeshafunguliwa.

"Picha kwanza."

"Bosi, jua hili..."

"Mama, boti nimekodi mimi. Mlaze pale mbele, penye mwanga."

Nahodha akamtazama, akatazama bahari, akafunga sanduku. Na yeye pia usimsahau. Ana watoto wa kulisha na wateja wa kuwachekea. Alisema mara mbili, halafu akanyamaza kama wewe.

Wakamlaza jodari kwenye sitaha ya mbele. Wakapiga picha meneja akiwa peke yake, meneja na mhasibu aliyepauka kama unga, meneja na afisa utumishi, wote wanne, meneja akiwa amelala kando ya samaki kama wanandoa. Halafu meneja akasema wasiishie hapo, wamtafute mwenzake. Boti ikaendelea kuzunguka. Vinywaji vikatolewa kwenye lile sanduku, barafu yote ikawa ya soda. Mbele kule samaki alilala juani, ngozi yake ya buluu ikigeuka kijivu, na kila Pua alipogeuka aliliona jicho lile la mviringo likimtazama.

Pua alikuwa anajua. Acha nikuambie alichokuwa anajua, maana baadaye walisema ni mambo ya maabara, mtu wa kawaida hawezi kuelewa. Jodari akiachwa na joto lake, nyama inajitengenezea sumu. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Ukimpika haitoki, ukimkaanga haitoki, ukimtia barafuni baadaye umeigandisha tu pamoja naye. Ndiyo maana kule kiwandani Pua ana kipimajoto na vichupa vya kupimia. Jina la Pua ni la utani. Kwa sumu ile, pua haifai kitu.

Alisogea karibu na meneja. Alisema, "Bosi, nilikuwa nafikiri, labda tungemfunika hata na gunia la maji..."

"Pua!" Meneja akampa chupa. "Leo uko likizo. Na pua yako iko likizo."

Kila mtu akacheka. Pua naye akacheka, akapokea chupa, akaenda kukaa upande wa kivuli.

Walirudi gatini jua limeshaanza kulegea. Mwenzake jodari hakupatikana. Na pale gatini meneja, amevaa ile furaha ya mtu aliyepigwa picha nzuri, akapata wazo.

"Huyu tunawapelekea zamu ya jioni. Chakula cha kantini leo kinatoka kwa uongozi. Wajue tunawapenda."

"Oo, vizuri sana," afisa utumishi akasema kwa sauti yake ya pamba. "Tutapiga picha wakiwa wanakula."

Pua akajisogeza nyuma ya kibanda cha mafuta, akatoa simu.

Sasa umjue dada yake. Alikuwa mezani pa kukatia samaki kiwandani kabla Pua hajaota ndevu. Wazazi walipoondoka yeye ndiye aliyemlea, kwa kisu kile, kwa mikono ile iliyochanwa na mifupa mpaka alama za vidole zikafutika. Alimsomesha. Alimwombea kazi. Meza nzima wanamwita Dada, hata waliomzidi umri.

"Dada, leo usile kantini."

"Kuna nini?" Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.

"We usile tu. Nitakununulia chakula nje, nitakuletea."

"Mdogo wangu, sema vizuri. Kuna nini?"

"Kuna samaki analetwa. Alikaa juani. Usimguse."

Mashine tu.

"Na wenzangu?"

"Dada, mimi nakuambia wewe."

"Nimesikia unaniambia mimi. Nimekuuliza wenzangu."

Simu ikakatika. Kwa siku nyingi Pua alijiambia kwamba ni mtandao. Haikuwa mtandao. Ni kidole chake.

Kantini ya kiwanda ni chumba kirefu chenye meza za bati, feni mbili zilizokufa zamani na dirisha la kupakulia. Tuliahidiwa feni mpya mwaka ule wa mgomo, tunakumbuka. Mpishi alikuwa ameshamkata jodari vipande, ameshamkaanga, ameshammwagia mchuzi. Harufu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloumiza. Watu waliosimama tangu mchana na maji ya baridi miguuni walikaa mbele ya sahani za moto wakatabasamu. Msichana mmoja wa meza ya kupanga makopo, ambaye kwa kicheko chake kisichoisha walimpa jina la Kicheko, alikuwa ameshainua kipande.

"Weka chini," Dada akasema.

"Dada na wewe! Wivu wa nini, si nawe umepewa?"

"Nimesema weka chini. Jamani, msile. Samaki huyu si mzima."

Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya baharini, akatabasamu.

"Mama, samaki huyu nimemvua mwenyewe leo asubuhi. Hata mimi sijawahi kula samaki mbichi namna hii. Nani kakwambia si mzima?"

Dada alimtazama meneja. Nyuma ya bega la meneja alikuwa amesimama mdogo wake. Dada angeweza kumnyooshea kidole tu. Hakunyoosha.

"Najua tu," akasema.

"Anajua tu!" Meneja akawageukia watu. "Haya, tusibishane. Kiwanda kinamlipa mtu kwa kazi hii. Pua, njoo hapa. Nusa."

Pua akatembea mpaka mezani. Sahani ya Kicheko ndiyo iliyokuwa karibu. Akainama. Mvuke ukampiga usoni, vitunguu, ndimu, pilipili. Alivuta pumzi ndefu, kama anavyofanya kila siku, watu wote wanamtazama. Alijua kwamba hakuna pua duniani ingeweza kujibu swali lile. Alijua pia kwamba neno moja la kweli lilikuwepo, dogo, salama, ambalo hakuna mtu angeweza kuja kumshika nalo.

"Hanuki," akasema.

"Mmesikia!" meneja akasema.

Kicheko akacheka, akampa Dada jicho la utani, akala. Na wengine wakala. Pua alinyoosha mgongo, na hapo ndipo alipokutana na macho ya dada yake. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyefanya jambo la aibu mbele za watu, halafu akageuza uso ili kumsitiri.

Hawakumaliza hata kuosha sahani. Ilianza kwa mmoja kusema uso unamwaka. Halafu mwingine, shingo imejaa vipele. Halafu vichwa, mioyo kwenda mbio, matapishi mpaka koridoni. Wengi walilala wakaamka wakiwa dhaifu tu. Lakini Kicheko ana pumu. Kwake koo liliziba. Alibebwa mpaka kwenye gari akiwa amemkamata Dada nguo kifuani, na mpaka leo ninapokuambia haya yuko wodini, ana mrija puani, anaongea kwa kunong'ona.

Sasa uongozi ulihitaji mtu, na ulimpata haraka. Kama samaki hakunuka, na mkaguzi alinusa mbele ya watu wote, mama huyu alijuaje kabla mtu hajala? Atakuwa ametia kitu kwenye mchuzi. Ana chuki na uongozi, alikuwa mstari wa mbele kwenye mgomo. Afisa utumishi alimwita, akamwambia kwa upole kwamba kikao kitakaa mbele ya wafanyakazi, na kwamba ikithibitika ataachishwa kazi na kupelekwa polisi.

"Tuambie tu aliyekwambia, mama. Uondoke na amani yako."

"Sikuambiwa na mtu," Dada akajibu.

Jioni hiyo Pua alikwenda kwa dada yake. Chumba ni kilekile alicholelewa, kitanda kimoja, pazia katikati, kabati lenye mlango unaoegemezwa na tofali. Dada alikuwa anaosha nguo zake za kazini kwenye beseni, ingawa alishazuiwa kwenda kazini.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe mimi umenifanya nini? Mimi sikula." Aliendelea kufikicha. "Mimi uliniambia."

Hakumkaribisha kiti. Pua alisimama pale mlangoni na mfuko wa matunda aliouleta, hajui aushushe wapi.

"Ningesema ningepoteza kila kitu. Na hata wewe nisingeweza kukusaidia."

"Unanisaidia nini sasa?"

Pua alihamishia mfuko mkono wa pili.

"Unajua nilijivunia nini mimi?" Dada akakamua nguo kwa nguvu, maji yakaruka. "Watu walikuwa wananiambia, mdogo wako ndiye anayewazuia wasitulishe uchafu. Nikawa nasimama pale mezani miguu inaniuma, nasema moyoni, haidhuru, wetu yuko mlangoni. Nenda nyumbani, mdogo wangu. Nimechoka. Na hayo matunda mpelekee Kicheko."

Alikwenda nayo mpaka hospitali. Hakuingia. Alimwachia mlinzi, na mlinzi alipomuuliza aseme yametoka kwa nani, akasema, "We mpe tu."

Kikao kilikaa kantini, kwenye meza zilezile za bati. Wafanyakazi walisimama ukutani. Dada alikaa peke yake kwenye benchi, mikono mapajani. Mbele walikaa meneja, afisa utumishi, mhasibu, na Pua pembeni yao, kwenye kiti ambacho kila mtu alijua ni cha mkuu wa ukaguzi.

"Kwa hiyo mama, kwa mara ya mwisho," afisa utumishi akasema. "Ulijuaje?"

Dada alikuwa anatazama sakafu, palepale ambapo Kicheko alianguka.

Pua akasikia kiti chake kikikwaruza. Alikuwa amesimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia," akasema. Sauti ilitoka mbaya, ikabidi arudie. "Mimi. Nilimpigia simu kutoka gatini. Samaki alilazwa juani tangu asubuhi mpaka tuliporudi. Nilijua. Mliponiuliza kama ananuka, ile sumu hainuki. Nilijua hivyo pia, na nikasema hanuki."

Hakuna aliyemshangilia. Kule ukutani mwanamume mmoja alitema chini. Pua aliona kwamba ukweli wake ulikuwa umekuja kama mvua baada ya shamba kuungua, na kwamba angetembea na neno lile moja mpaka anaingia kaburini. Hakuthubutu kumtazama dada yake.

Meneja hakubadilika hata rangi.

"Anamtetea dada yake," akasema kwa huruma. "Damu ni kitu kizito, namwelewa. Lakini kwenye boti hatukuwa wawili." Akamgeukia mhasibu. "Samaki alilala juani?"

Mhasibu alitazama kifungo cha shati lake. "Mimi nilikuwa natapika, bosi. Sikuona."

"Na wewe, afisa utumishi?"

Afisa utumishi akapanga kalamu zake. "Sikumbuki vizuri suala la jua."

"Na nahodha na baharia wake tuliwaita, hawakuja. Basi ni neno la mdogo wake peke yake." Meneja akawainulia macho waliosimama ukutani, akawapitia mmoja mmoja, akafika mpaka mlangoni, mpaka nje, mpaka getini. "Kuna mwingine yeyote aliyeona kitu?"

Swali hilo bado limesimama pale. Dada bado amekaa kwenye benchi. Pua bado amesimama, peke yake, na neno la mtu mmoja halitoshi.

Wewe uliona. Ulikuwa gatini wakati samaki amekakamaa anashushwa bila punje ya barafu, au ulikuwa getini wakati wanatolewa, au uko ofisini kwako leo hii na kuna mwenzako amekalishwa kwenye benchi kwa kosa unalojua kwamba si lake. Hukuhitaji pua. Ulikuwa na macho. Usiniambie unasikitika, na usiniambie utafikiria. Weka chini ulichokishika, toka humo ulimokaa, nenda kwenye chumba hicho, mlango uko wazi, na useme ulichokiona kwa sauti ambayo hata waliosimama nyuma wataisikia. Sasa hivi. Wanasubiri.